NANI ATAKAYEWATIBU NG'OMBE WETU?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi na vijana katika mkutano wa tawi)



Waliotutangulia wamesema habari za barabara na bei ya pamba, nao wamesema vizuri. Sisi twaomba kusema habari ya ng'ombe, mbuzi na kuku, yaani mali ambayo kila aliyekaa hapa anaijua, na habari ya mtu tusiyekuwa naye wa kutosha: mtaalamu wa afya ya mifugo. Bwana mifugo wetu ni mmoja, na vijiji vyake ni vingi. Akiwa ng'ambo ya mto leo, sisi wa huku tutamwona baada ya siku nne. Siku nne, ndugu zetu, ni nyingi mno kwa ndama aliyeshikwa na ndigana kali.

Najua wapo watakaouliza, "Ninyi ni walimu, ng'ombe mmejulia wapi?" Swali ni la haki. Sisi tumesomea ualimu, hatukusomea uganga wa mifugo, wala hatukuja hapa kuwafundisha kutibu. Tumekuja kusema habari ya mafunzo, na mafunzo ndiyo kazi tuliyoisomea. Tumekwenda kuuliza, tumesoma sheria, tumekaa na wanafunzi wa chuo wakatuonyesha madaftari yao, mpaka tumejua ni njia gani mtoto wa hapa aweza kuipita hata arudi kwetu na bomba la sindano mkononi.

Lakini kwanza tuseme jambo ambalo wazee wanalijua na vijana hawalijui. Mtu wa mifugo hakupendwa zamani, na sababu ilikuwapo. Mwaka 1938, huko Ukambani katika Kenya, serikali ya kikoloni iliwakamata ng'ombe wa watu kwa nguvu, ati nchi imejaa mifugo na udongo unakwisha. Wengi wao walinunuliwa kwa bei ya kutupa na kupelekwa kiwanda cha nyama cha Athi River. Wakamba, wanaume kwa wanawake, walikwenda Nairobi kwa maelfu, wakakaa huko kudai ng'ombe wao. Kiongozi wao Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini serikali ilirudi nyuma, na amri ile ya kukamata ng'ombe ikaachwa. Na huku kwetu Usukumani, mpango wa maendeleo ulioanza mwaka 1947 ulikuja na amri za kupunguza mifugo, na wazee wetu wanakumbuka jinsi amri zile zilivyochukiwa. Mtu aliyesomea mifugo alifika bomani akiwa na karani na askari. Nani angempenda? Alikuja kuhesabu. Kutibu kulikuwa jambo la baadaye.

Maabara ya mifugo ya Mpwapwa ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1905, basi elimu hii si ngeni katika nchi yetu. Ina umri wa kupita miaka mia moja. Ugeni ulikuwa katika mtu aliyeishika. Waafrika waliofundishwa wakati ule walifundishwa wawe wasaidizi wa kubeba sanduku na kushika kamba, na mwenye kujua kilichomo ndani ya sanduku alikuwa mwingine. Twasema haya ili kijana ajue kwamba anayesomea kazi hii leo anakabidhiwa sanduku lenyewe na ufunguo wake.

Tena liko jambo la pili, nalo ni la furaha. Wazee wa wazee wetu waliona sotoka. Ugonjwa ule uliingia Afrika upande wa Eritrea mwaka 1887, na ilipofika 1891 ulikuwa umekwisha kufika huku. Mahali pengi ng'ombe walikufa karibu wote. Yasemekana wanane au tisa katika kila kumi. Nyati nao walikufa. Watu walibaki bila maziwa, bila ng'ombe wa kuolea, bila kitu cha kuuza, njaa ikafuata na ndui ikafuata njaa. Wamasai wana jina la siku zile, Emutai, maana yake ni kumalizika kabisa. Wakoloni waliingia katika nchi iliyokuwa imekwisha kuangushwa na ugonjwa wa ng'ombe. Jambo hili halisemwi mara nyingi katika vitabu vya shule, nasi twaona lingefaa lisemwe.

Basi sotoka iko wapi leo? Haipo. Mwaka 2011 mataifa yalitangaza kwamba imekwisha duniani kote. Ni ugonjwa wa pili tu katika historia kufutwa kabisa, wa kwanza ukiwa ndui ya binadamu. Chanjo iliyofanya kazi hiyo ilitengenezwa hapa Afrika Mashariki, Muguga karibu na Nairobi, na Walter Plowright na wenzake karibu na mwaka 1960. Lakini sikilizeni vizuri. Chanjo ile ilitaka baridi, na wenye ng'ombe walikuwa katika jua kali, mbali na barabara. Baadaye wataalamu waliitengeneza upya iweze kuvumilia joto, kisha wakafanya jambo ambalo wakubwa wengi walilicheka: waliwafundisha watoto wa wafugaji wenyewe, huko kwa Waafar wa Ethiopia na huko Sudan, wakawapa sindano, nao wakatembea kwa miguu kuwafuata ng'ombe mahali ambapo gari la daktari halikufika hata siku moja. Mnyama wa mwisho kuonekana na sotoka alikuwa nyati katika mbuga ya Meru, Kenya, mwaka 2001. Madaktari walifanya kazi kubwa, hatubishi. Lakini bila wale waliofundishwa wakatumwa kwa watu wao, sotoka ingekuwa imejificha mpaka leo.

Sasa twende kwenye mafunzo yenyewe.

Wako watu wa namna mbili, nasi tusiwachanganye. Wa kwanza ni daktari wa mifugo. Huyu husoma miaka mitano katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Wa pili ni mtaalamu msaidizi, yule tunayemwita bwana mifugo, na siku hizi bibi mifugo. Huyu husoma katika vyuo vya Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, ambavyo vipo Tengeru, Mpwapwa, Morogoro, Temeke, Buhuri kule Tanga, Madaba kule Ruvuma, Kikulula kule Kagera, na Mabuki. Mabuki iko Misungwi, njia ya Mwanza. Mzazi aweza kwenda kumtazama mwanawe na kurudi. Kijana aliyemaliza kidato cha nne akafaulu vizuri masomo ya sayansi, hasa Bayolojia na Kemia, aweza kuomba. Huanza kwa astashahada, na akiendelea hupata stashahada, mwaka hata mwaka, ngazi kwa ngazi. Akimaliza, jina lake huandikwa na Baraza la Veterinari lililowekwa na Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Asiyeandikwa hana ruhusa ya kutibu mnyama wa mtu kwa malipo, na aliyeandikwa hufanya kazi chini ya uangalizi wa daktari.

Hapo ndipo mzee mmoja alituuliza juzi, "Mwanangu amesoma miaka kumi na moja, sasa arudi kusomea ng'ombe? Si ng'ombe aliwaacha hapa alipokwenda shule?" Watu walicheka, nasi tulicheka. Lakini tumjibu mzee kwa heshima. Anayejua kuchunga anajua mengi, tena mengine chuoni hayamo. Anajua ng'ombe gani leo hakucheua. Anajua mwendo wa kila mmoja, na sauti. Mtoto wa mjini akifika chuoni huanza kujifunza kumshika mnyama asipigwe teke. Mtoto wa hapa ameshika tangu ana miaka saba. Basi yeye anakwenda na nusu ya elimu mfukoni. Nusu ya pili ndiyo ile inayomjulisha kwa nini ng'ombe hakucheua.

Tutoe mfano wa ndigana kali. Kila mtu hapa anajua kwamba huletwa na kupe. Lakini si kila kupe. Ni yule wa rangi ya udongo mwekundu anayependa kukaa sikioni. Mwanafunzi hufundishwa kumtambua kwa macho. Hufundishwa kwamba ng'ombe mzima ana joto kama nyuzi 38 na nusu, na akipimwa akakutwa na 41, hata kama bado anakula, hapo hakuna kungoja. Hufundishwa kupapasa tezi iliyo chini ya sikio na ile iliyo mbele ya bega, kwa sababu zikivimba zasema habari kabla povu halijatoka puani. Hutoa maji kidogo ya tezi, huyapaka katika kioo, huyatia rangi na kuyatazama kwa hadubini, akawaona wale vijidudu wenyewe. Dawa ya ndigana ipo, nayo ni ghali, nayo huponya ikiwahi. Ikichelewa, mwenye ng'ombe amelipa mara mbili: amepoteza ndama na amepoteza fedha ya dawa.

Tena ipo chanjo yake, iliyotokana na kazi ya Muguga vilevile. Ni chanjo ya ajabu kidogo. Mnyama hutiwa vijidudu hai vya ndigana, na saa ileile huchomwa sindano ya dawa inayowazuia wasimshinde, hata mwili ukajifunza kupigana nao. Akichanjwa mara moja yamtosha miaka mingi. Wafugaji wa Kimasai upande wa kaskazini wamechanja ndama kwa wingi sana, na hereni ya sikioni imekuwa alama ya ndama wa bei nzuri mnadani. Lakini chanjo hiyo hukaa katika mtungi wa naitrojeni ya maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Ikisha kuyeyushwa haina muda. Yapasa itumike saa chache tu. Akikosea kipimo cha ile dawa ya kuzuia, amewaambukiza ng'ombe wako ugonjwa kwa mkono wake. Je, kazi hiyo utampa mtu aliyejifunza dukani?

Na hapa tuseme wazi juu ya maduka. Siku ya gulio twaona chupa za dawa zimepangwa juani pamoja na sabuni na betri. Mtu ananunua, anachoma. Achoma kiasi gani? "Kiasi cha kutosha." Ndugu zetu, hesabu ya dawa ni hesabu ya darasa la tano, lakini lazima ifanywe. Chukua dawa ambayo maandishi yake yasema mililita 1 kwa kila kilo 10 za mnyama. Ng'ombe wetu wa kienyeji aliyepimwa kifua kwa utepe akaonekana ana kilo 250 atataka mililita 25, tena zigawanywe mahali zaidi ya pamoja mwilini. Mwenye chupa ya gulio anachoma 10 kwa sababu dawa ni ghali. Ng'ombe anapata nafuu siku mbili, anaanguka tena, na vijidudu waliobaki ni wale waliokwisha kuizoea dawa. Hii ndiyo inayoitwa usugu wa dawa, na inavuka kutoka kwa ng'ombe mpaka kwa watu. Tena jioni ileile maziwa yanakamuliwa yanauzwa, na mtoto wa jirani anakunywa dawa ambayo hakuandikiwa. Kila dawa ina siku zake za kungoja kabla maziwa hayajanywewa na nyama haijaliwa, na siku hizo zimeandikwa pale pale katika chupa. Bwana mifugo aliyefundishwa husoma maandishi hayo kabla ya kuvuta sindano.

Kimeta nacho tukitaje, ijapokuwa ni habari nzito. Ng'ombe amekufa ghafula, tumbo limefura, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na nyuma. Watu wanaleta visu. Si kwa ujinga. Ni kwa sababu nyama ni mali na mwenye ng'ombe amekwisha pata hasara. Tumekwenda mazishi yaliyoanzia katika mgawo wa nyama ya namna hiyo, wala hatupendi kwenda tena. Mwanafunzi wa mifugo hufundishwa kwamba mzoga huo haupasuliwi kamwe, kwa kuwa vijidudu wake wakipata hewa hujifunika ganda na kukaa udongoni miaka makumi. Hutoa tone la damu katika mshipa wa sikio, basi, akalipeleka kupimwa. Mzoga huchomwa au kuzikwa chini sana, ngozi na yote. Kisha huchanja waliobaki. Lakini somo gumu kuliko yote ni lile la kusimama mbele ya watu wenye njaa na visu na kuwaambia, "Hapana." Hilo halimo katika vitabu vyao, na twaona chuo kingefaa kulitia. Mtoto wa kijiji aweza kulisema akasikilizwa, kwa kuwa kila mtu anajua baba yake ni nani na kwamba yeye mwenyewe hatakula. Mgeni akilisema, wanasubiri aondoke.

Mama zetu, msidhani tumewasahau. Ng'ombe mara nyingi ni wa baba, lakini kuku ni wenu, na madaftari mangapi ya watoto yamenunuliwa kwa kuku! Mdondo, au kideri kama wengine wasemavyo, hupita wakati wa kiangazi ukamaliza banda zima kwa wiki moja. Dawa ya kuuponya hakuna. Kinga ipo: tone moja katika jicho la kila kuku, kila miezi mitatu au minne, na chanjo hiyo, iitwayo I-2, inatengenezwa hapa nchini, Kibaha, nayo huvumilia joto kuliko zile za zamani. Kazi hii si ngumu, lakini yataka mtu anayejua tarehe, anayepita nyumba kwa nyumba kuku wakiwa bado bandani alfajiri, na ambaye mama atamfungulia mlango alfajiri hiyo. Ndiyo maana twasema wasichana waende. Wapo wanaosema binti hawezi kumwangusha fahali. Wala mwanamume peke yake hawezi. Fahali huangushwa kwa kamba na kwa kujua mahali pa kuifunga, na kamba haiulizi aliyeishika ni nani. Ndama akikaa vibaya tumboni mwa mama yake, mkono mwembamba uliopakwa sabuni huingia vizuri kuliko mkono wa mtu mnene, nao hutafuta miguu miwili ya mbele na pua. Walimu wa chuo walituambia hivyo, nasi twaamini.

Mengine tuyapite upesi. Hufundishwa ukaguzi wa nyama machinjioni, malisho, majosho na kipimo cha dawa yake, utunzaji wa ngozi, na uhimilishaji, yaani kumpandisha ng'ombe kwa mbegu ya fahali bora ambaye hata hajaonekana hapa. Mbegu hutoka Kituo cha Taifa kilichoko Usa River. Kazi hiyo ni ya saa: aliyeonekana na joto asubuhi hupandishwa jioni, aliyeonekana jioni hupandishwa asubuhi. Bwana mifugo aliye umbali wa siku nne afae nini hapo?

Sasa, je, akimaliza atapata kazi? Tusiwadanganye vijana. Serikali haiajiri kila anayemaliza. Wako waliomaliza na wamekaa nyumbani. Lakini nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na kuku na mbuzi wao hatuwahesabu; kazi ipo, ila mshahara ndio usio na uhakika. Twaona dawa yake iko mikononi mwetu wenyewe. Ng'ombe walio katika vijiji vyetu vitatu wanatosha kumweka mtu mmoja au wawili, iwapo kila boma litakubali kulipa kidogo kwa chanjo kila msimu badala ya kulipa kingi kwa chupa za gulio. Aandikwe na Baraza, daktari wa wilaya amsimamie, awe na chumba, jokofu na hadubini.

Kwa hiyo tunalo shauri, nalo twaliweka mbele ya mkutano huu likubaliwe au likataliwe. Vijana wanne wa hapa wana matokeo yanayofaa, wawili wavulana na wawili wasichana. Wazazi wa wawili wameweza kutoa ada. Wa wengine wawili hawakuweza, na mmoja wa hao ndiye aliyeshinda wote katika Bayolojia. Twashauri vijiji vitatu vichange kuwasomesha hao wawili, kila boma kwa kadiri ya ng'ombe wake, fedha ziwekwe benki kwa jina la kamati ya watu watano ambao angalau wawili ni wanawake, na hesabu isomwe hadharani kila baada ya miezi mitatu. Vijana nao waandike mbele ya wazee kwamba watarudi kufanya kazi hapa miaka mitatu. Wakipata ajira ya serikali mahali pengine, warudishe nusu ya fedha tusomeshe mwingine.

Mzee aliyetuuliza juzi ameinua mkono, nasi tunamwona. Pengine hakubali ile habari ya kila boma kwa kadiri ya ng'ombe wake, kwa kuwa yeye anao wengi. Mwenyekiti ampe nafasi aseme yake. Baada yake karani ataanza kuandika majina, kijiji kwa kijiji, na fomu za chuo tumekuja nazo, ziko mezani.